Nyuma ya Baiskeli ya Mwisho

Tangu mbio kubwa za baiskeli zianze kupita kwetu, hakuna mtu wa Karatu aliyefika wa mwisho mara nyingi kama mimi. Nasema hivyo bila aibu, tena kwa sauti. Wapo waliofika wa mwisho mara moja tu wakarudi kwao kulia. Mimi nilifika wa mwisho kila siku ya mbio, kila mwaka, nikala chakula changu na kulala vizuri, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na hajazaliwa atakayeifanya kunizidi.

Nilikuwa dereva wa gari la ufagio. Kwa nyinyi mlioingia kwenye msafara juzi, nieleze. Mbio hizi huenda kwa siku kadhaa, na kila siku ina kipande chake cha barabara, ndicho tunachokiita hatua. Mbele kuna pikipiki za trafiki, kisha waendeshaji wenyewe, magari ya timu yenye baiskeli zimesimama juu kama pembe, gari la wagonjwa, na nyuma kabisa gari moja lenye ufagio uliofungwa juu ya paa. Kazi yake ni kuokota walioshindwa. Likishapita, barabara inafunguliwa na wananchi wanaendelea na shughuli zao. Ufagio wenyewe haufagii kitu. Ni desturi ya wazungu walioanzisha michezo hii, na mimi sikuwauliza sana, maana hata sisi tuna mambo yetu ambayo mgeni akiyauliza tunamwongezea chai.

Mwaka huu nimerudisha ufunguo. Umri bado unaniruhusu, ila kiuno kimeomba talaka, na baada ya kukaa nacho miaka yote hiyo juu ya kiti kile nimeona nikipe. Mmeniomba niandike mambo ya kazi. Binti yangu, ambaye ni mwalimu, alitaka kunisahihishia, nikamwambia asahihishe ya wanafunzi wake. Shule mimi niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, bado hatujakubaliana.

Kwetu ni Buger. Baba alilima mahindi na maharage, na alinitegemea nilime pia, lakini jembe na mimi hatukupendana. Nikashuka Karatu mjini. Nikabeba magunia Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, nikawa utingo wa lori, nikajifunza kuendesha kwa kumtazama dereva miguu badala ya barabara. Nani alinifundisha? Macho yangu. Lakini kuendesha taratibu, hilo nilifundishwa, na aliyenifundisha ni Mzee Margwe.

Mzee Margwe alikuwa dereva wa pikapu ya parokia. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba majeneza. Waombolezaji wanatembea, gari linawafuata, kutoka barabara kuu mpaka shambani kwa marehemu, kupanda na kushuka, na udongo wetu mnaujua ulivyo wakati wa masika. Siku ya kwanza aliponiachia usukani niliwasogelea wafiwa, nikataka kuonyesha kwamba gari nalijua. Akanishika mkono.

"Marehemu ana haraka?"

"Hapana, mzee."

"Basi wewe unawahi wapi?"

Alinifundisha kwamba gari likiwaacha wafiwa umewatukana, na likiwakanyaga visigino umewatukana zaidi. Alinifundisha kulisikiliza kwa nyayo: gia ya kwanza, mguu unaelea juu ya klachi bila kuilalia, injini inapumua kama ng'ombe aliyeshiba. Mtu aliyezika nusu ya Buger bila kuunguza klachi hata moja, huyo ndiye chuo kikuu changu.

Ndiyo maana waandaaji wa mbio walipokuja Karatu kutafuta dereva, nilienda nikiwa nimeshapata kazi, wao tu ndio walikuwa hawajui. Tulijipanga uwanjani. Madereva wa watalii walitangulia kujieleza. Mmoja akasema anafika Arusha chai ya Karatu ikiwa bado moto tumboni. Mwingine akasema yeye akipita, vumbi linamfikia kesho. Zamu yangu ikafika.

"Mimi," nikasema, "naweza kwenda kutoka hapa mpaka Lodoare, lango la Ngorongoro, nyuma ya bibi kizee, na asijue kama nipo."

Wakacheka wote isipokuwa mama mmoja aliyevaa kofia ya jua. Huyo alikuwa Bi Mwanaidi, mtu wa Tanga, mwamuzi wa mbio. Wenyewe huwaita makamisaa. Alichukua mkoba wake na mwavuli, akaenda mbele ya gari, akaanza kupanda mlima kwa miguu. Sikuambiwa kitu. Nikawasha, nikamfuata. Alitembea akanunua ndizi, akala, akasalimiana na watu, akaendelea. Mwishowe akageuka na kuikuta bampa iko pale pale nyuma ya gauni lake.

"Ala! Kumbe upo?"

Wale wa Arusha wakarudi kwenye watalii wao.

Kuanzia siku hiyo Bi Mwanaidi alikaa kiti cha kushoto kwangu mpaka nilipostaafu. Kiswahili chake kilikuwa laini kama mkate wa kumimina, changu kina mawe ya Buger ndani yake, lakini tulielewana. Siku yangu ya kwanza tulipanda ule mlima wa Mto wa Mbu nyuma ya mtu aliyekuwa akienda polepole kuliko mbuzi wa pembeni. Injini ikaanza kupanda joto. Nikawasha hita mpaka mwisho. Fanyeni hivyo na nyinyi: hita inavuta moto wa injini na kuuleta ndani. Mtaloa jasho, lakini mtafika.

"Fausti kaka yangu, wataka kunipika?"

"Ama uive wewe dada, ama iive injini. Na injini ikiiva, mlima huu tunaumaliza kwa miguu."

Akafungua mwavuli ndani ya gari na kuanza kujipepea na kanuni za mbio.

Sasa, ya kazi. Kaeni nyuma ya mwendeshaji umbali ambao anaweza kuwasahau. Moshi wenu uende upande wa pili na upepo. Akishuka, pokeeni baiskeli kwanza, mtu baadaye, na mwishike baiskeli yake kama mtoto mchanga. Akiona hivyo atapanda garini bila ugomvi. Muwe na chai ya tangawizi kwenye chupa na blanketi, na dirishani muwe na pazia. Mke wangu alinishonea mapazia ya kitenge, maana mtu aliyeshindwa hataki kuangaliwa na watoto wa Rhotia wanaotoka shule. Asiulizwe kitu mpaka amalize kikombe cha kwanza.

Na kubwa kuliko yote: msimwambie "pole" mtu ambaye bado anakanyaga. Sisi tumezoea, mtu akikwaruzwa na mwiba, pole. Akipiga chafya, pole. Lakini yule anayepanda mlima amejiambia uongo kwamba haumwi. Ukimpa pole umemletea habari. Nimeona mtu akiambiwa pole na mama muuza parachichi, akashuka pale pale, akakaa juu ya magunia ya huyo mama.

Halafu kuna kikopo. Kila mwendeshaji ana namba mgongoni, kitambaa kilichobanwa kwa pini. Akijitoa, au saa ya kufunga ikimpita kabla hajafika, kamisaa anamvua ile namba, anaiweka garini, na pini zinaingia kwenye kikopo changu cha kahawa. Anayefika mwisho wa mbio huenda na namba yake nyumbani. Ni kitambaa tu, lakini nimeona wanaume wenye ndevu wakiishikilia kama mama anavyoshikilia mtoto hospitalini. Kuna mzungu mmoja aliyejificha kwenye kahawa kule Oldeani ili tupite tusimwone. Tungempita kweli, kama akina mama waliokuwa wakichuma wasingeshindwa kuzuia vicheko. Tulimkuta amechuchumaa chini ya mti, na mmoja wao ameshampa kikapu achume kabisa.

Kikopo kile kina mlio. Cha, cha, cha. Waendeshaji waliuchukia. Na mimi niligundua kwamba mtu akianza kuzembea, nikikitikisa kidogo nje ya dirisha, miguu yake inakumbuka kazi.

"Kanuni yakataza kumsaidia," Bi Mwanaidi akaniambia mara ya kwanza.

"Namsaidia na nini? Natikisa kahawa yangu."

"Kahawa gani ina mlio wa chuma?"

"Ya Oldeani."

Sasa nifike kwenye kile kijiji. Sitakitaja jina, maana mpaka leo napita hapo. Kiko kati ya Karatu mjini na lango la Ngorongoro, na mwenyekiti wake, Mzee Qamara, ni mtu wa suti moja na maneno mengi. Mwaka wa kwanza wa mbio aliwatoa wananchi barabarani kupokea ugeni. Kundi kubwa likapita kama watu waliokurupushwa na nyuki. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyesalimia. Mwenyekiti akatulia. Yeye amepokea viongozi maisha yake yote, na anajua wadogo ndio wanaotangulia kuangalia viti vimepangwaje. Mkubwa huja mwisho.

Na kweli, baada ya muda akatokea mtu mmoja, peke yake, taratibu, kichwa kimeinama kwa unyenyekevu. Pembeni yake pikipiki ya trafiki yenye taa. Nyuma yake gari la wagonjwa, la kwake mwenyewe. Nyuma ya hilo, gari lenye mapazia. Nani mwingine angekuwa? Akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba. Yule bwana, mtu wa nchi ya mbali aliyekuwa karibu kufa kwa kiu, aliinua uso akadhani ameshafika mbinguni. Mwenyekiti akaja dirishani kwangu.

"Fausti, huyu ndiye mwenyewe?"

Nikalitazama gari la wagonjwa, nikamtazama trafiki.

"Mwenyekiti, wewe unaonaje?"

"Nimemtambua kwa utulivu wake," akasema.

Ningemrekebisha vipi mtu mzima mbele ya wananchi wake? Nikaacha. Mwaka uliofuata kukawa na bendera. Mwaka mwingine shuka na fimbo ya zawadi. Niwaambie ukweli, mmoja wa hao wa mwisho aliniambia kwamba kote alikoshindana duniani, ni kijiji kile tu kilichojua thamani yake. Nikamjibu kwamba hapa kwetu tuna jicho.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka wa Lemayian.

Lemayian ni kijana wa Olbalbal, kule chini kwenye tambarare kavu, ambako mtoto huanza kutembea na ng'ombe kutafuta maji kabla meno hayajakamilika. Alikuja Karatu kulinda hoteli ya watalii, mgeni mmoja akamwachia baiskeli, na yeye akaipanda kama alivyokuwa akitembea, yaani bila kujua kwamba mtu anaweza kuchoka. Timu moja ndogo ya hapa ikamchukua. Sasa mjue jambo moja: mpaka mwaka ule, hakuna kijana wa kwetu, awe Mwiraqw awe Mmaasai, aliyewahi kuzimaliza mbio hizi. Walianza wengi, na wote waliishia kwenye benchi langu, nyuma ya kitenge cha mke wangu, wakinywa tangawizi. Wengine nawajua na mama zao. Nilikuwa nimechoka kuwabeba watoto wa nyumbani. Sikumwambia mtu, lakini nilitaka huyu mmoja arudi kwao na namba yake.

Hatua ya mwisho ilitoka Mto wa Mbu mpaka lango la Lodoare. Alianza vizuri. Kwenye mlima mnyororo ukakatika, gari la timu yake lilikuwa mbele likihudumia mwingine, akasimama akilisubiri huku kundi zima linapotea kwenye kona. Alipopanda tena alikuwa wa mwisho, na nyuma yake nilikuwa mimi. Alinitazama mara moja. Akaona ufagio. Hakutazama tena.

Tukapita Rhotia, tukapita Karatu mjini watu wakipiga kelele, naye anakanyaga tu. Bi Mwanaidi ameshika saa mkononi kama mtu aliyeshika yai.

"Atafika?" nikamwuliza.

"Asiposimama, huenda. Akisimama kufunga kamba ya kiatu, hapana."

Ndipo nikakiona kijiji. Mungu wangu! Mwaka ule Mwenyekiti alikuwa ameamua kumaliza kabisa. Tao la migomba na maua limekingama barabara nzima, kama la kumpokea askofu. Kwaya imevaa majoho. Meza ina kitambaa. Mzee Qamara mwenyewe yuko katikati ya lami, ndani ya suti, na kipaza sauti mkononi.

"Fausti, mwaka huu wamezidi. Ni nani wote wale?" Bi Mwanaidi akauliza.

"Mashabiki wa Lemayian."

"Mbona wana viti?"

Hilo swali lilinitoa jasho kuliko hita. Shabiki husimama. Mtu akileta viti, ujue kuna hotuba, na hotuba za Mzee Qamara nimezisikia. Kuna watoto waliozaliwa katikati yake. Kijana akifika pale atashikwa mkono, atavishwa shuka, ataketishwa, na Bi Mwanaidi atamvua namba akiwa amekaa kwenye kiti cha heshima.

Juu ya gari nilikuwa na spika ya kutangazia kwamba barabara imefunguliwa. Nikachukua kipaza sauti changu.

"Ndugu wananchi! Tupisheni tafadhali! Huyu ni mtangulizi tu! Mwenyewe yuko nyuma yetu, anakuja! Kwaya kaeni tayari, msipoteze sauti kwa huyu!"

Mwenyekiti akaruka pembeni kama kijana. "Jamani, pisheni watangulizi!" Watu wakafungua njia. Akina mama wakarudisha vigelegele mdomoni. Lemayian akapita chini ya tao bila kupigiwa hata kofi moja, na mzee fulani akamtishia na bakora: "We, kimbia! Mkubwa anakuja, na wewe umejaa njia!" Kijana hakuwahi kutukanwa hivyo tangu mbio zianze. Akaongeza mwendo kwa hasira.

Tulipowaacha, Bi Mwanaidi akageuka kutazama nyuma, kisha akanitazama mimi.

"Fausti. Nyuma yetu kuna nani?"

"Kuna barabara, dada."

Akafungua kanuni zake, akapitisha kidole. "Kusukuma hairuhusiwi. Kuvuta hairuhusiwi. Kumkinga na upepo hairuhusiwi." Akafunga. "Uongo haumo."

"Nilijua haumo."

"Ulijuaje, nawe hujazisoma?"

"Ungekuwemo ungeshanifukuza zamani."

Alicheka, lakini saa hakuiacha. Barabara ikaanza kupanda kuelekea lango, msitu ukasogea, ubaridi ukaingia. Lemayian akapungua mwendo akawa anaenda kama mtu anayetembea. Na mimi nikiwa na raha, nasema tumemaliza, nikawaona.

Wazee wa Olbalbal. Walikodi lori, wakapanda nyanda za juu zote na kushuka upande huu kuja kumwona kijana wao. Wamesimama ukingoni mwa barabara, mashuka mekundu, fimbo mkononi, na mwisho wa mstari baba yake mzazi.

Nyinyi mliokulia huku mnajua. Kijana wa Kimaasai hapiti mbele ya wazee hivi hivi. Anakwenda kwao, anainamisha kichwa, kila mzee anamwekea kiganja utosini na kumsalimu, mmoja baada ya mwingine. Kuwapita wote, pamoja na baba yake, kichwa juu kama mtalii? Bora angevuliwa namba mara kumi.

Akageuka kwenye gari letu. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kuisikia sauti yake.

"Kamisaa. Wale ni wazee wangu. Siwezi kuwapita."

"Ukishuka, mwanangu, muda umekwisha," Bi Mwanaidi akamwambia, na sauti yake haikuwa ya kanuni.

"Najua."

Nikaona kisigino kinajipinda ili kiatu kiachie pedali. Miaka yote ile nimeona watu wakishuka kwa kuishiwa nguvu. Huyu alikuwa anashuka na nguvu zake zote miguuni.

"Usishuke!" nikapiga kelele. "Inamisha kichwa hapo hapo ulipo! Dada, mtu kuguswa kichwani ni kosa?"

"Kosa ni kusukumwa."

"Kichwani anasukumwa kwenda wapi? Mkono unakwenda chini!"

Bi Mwanaidi akapitisha kidole tena kwenye kanuni zake. Barabara ilikuwa inapungua. Kisha akatoa nusu ya mwili wake dirishani, kofia ya jua na yote.

"Kichwani tu! Mkono wa mtu ukigusa mgongo, nimemtoa!"

Nikashika kipaza sauti, nikawatangazia wazee kwa Kimaasai changu cha mnadani: kichwani tu, wasiguse mgongo, na wasimsimamishe. Mzee wa mbele akaliangalia gari letu, ufagio na mapazia.

"Kwani sisi," akajibu, "huwa tunasalimia migongo?"

Wakasogea ukingo wa lami. Lemayian akaja, kichwa kimeinama karibu na usukani wa baiskeli, anakanyaga polepole, na viganja vikaanza kushuka juu ya kofia yake ngumu. Pa. Pa. Pa. Kama mvua inayoanza juu ya bati. "Sopa," anasema mzee. "Ipa," anajibu yeye, na pumzi hana. Sopa. Ipa. Sopa. Ipa. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyevuta. Bi Mwanaidi alikuwa ananing'inia dirishani akihesabu viganja, na midomo yake inasema, "Kichwani, kichwani, kichwani."

Baba yake alikuwa wa mwisho. Aliweka kiganja, na hakukiondoa. Akaanza kutembea pembeni ya baiskeli, mkono juu ya kofia, akisema maneno yake ambayo si ya kwangu kuyaandika. Tukatembea hivyo sote, baba, mtoto na mimi, kwa ule mwendo wa Mzee Margwe. Mguu wangu ulielea juu ya klachi. Bi Mwanaidi akaitazama saa akafumba macho.

Baba akaondoa mkono.

Nikatoa kikopo dirishani nikakitikisa mpaka pini zikaruka nje. Lemayian akainuka juu ya pedali akaondoka, na ninaapa gia ya kwanza haikumfikia. Nililazimika kuingiza ya pili.

Langoni walikuwa wameshaanza kukunja mabango. Alivuka mstari, akaanguka upande kwenye majani. Bi Mwanaidi akashuka na saa yake. Akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Mimi nimekaa na kikopo mapajani, nusu tupu.

"Yumo," akasema.

Baba alipofika na lori alimgeuza kijana, akakishika kile kitambaa cha mgongoni kwa vidole viwili.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakitafuta siku zote hizi?"

"Ndiyo, baba."

"Ungeniambia. Ningekununulia kipana zaidi."

Lakini alikikunja yeye mwenyewe, akakiweka ndani ya shuka lake, na hakumrudishia.

Wakati wa kurudi Karatu tulisikia kwaya tukiwa bado mbali. Nikamwambia Bi Mwanaidi, dada, jiandae. Chini ya tao, kwenye kiti cha heshima, aliketi Bayo, muuza maziwa, jirani yangu wa Buger, na gumbuti zake. Ile baiskeli yake nyeusi imeegemezwa kwenye meza, madumu ya maziwa yamefungwa nyuma. Trafiki walimzuia mjini tangu asubuhi. Barabara ilipofunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutokea, yaani, kwa hesabu ya kijiji, wa mwisho. Ameshavishwa shuka. Ameshapewa fimbo. Mwenyekiti anahutubia: "...umetoka mbali, umepita milima na mabonde..." Na kweli kutoka Buger si karibu.

Bayo akaniona, akaniinamia akaniuliza kwa lugha yetu. "Fausti, nimefanya nini?"

"Umefika, kaka."

"Na maziwa? Yatachacha."

"Wape kwaya."

Akawamiminia wanakwaya wote. Mwenyekiti akalia machozi. "Wakubwa wengine," akasema, "walikuja wakaondoka na zawadi zetu. Huyu katuletea!" Mpaka leo Bayo anaitwa Mgeni Rasmi, na kwenye harusi za kijiji kile hukaa mstari wa mbele.

Mwaka huu nikaendesha mbio zangu za mwisho. Asubuhi ya hatua ya mwisho Bi Mwanaidi alinipigapiga mgongoni, "Kila la heri, kaka." Siku nzima nikishuka garini watu wanacheka, nami nikachukulia ni mapenzi. Tulipofika langoni akaniambia nigeuke nijitazame mgongo kwenye kioo cha gari. Mgongoni kwangu kulikuwa na namba. Nikaitambua kwa mikunjo yake na harufu ya moshi wa nyumba. Baba wa Lemayian alikuwa amekubali kuiazima kwa siku moja, na Lemayian aliileta mwenyewe.

Bi Mwanaidi akakifungua kikopo changu. "Anayejitoa huvuliwa namba. Kanuni waijua."

Nikakifunika kwa kiganja. "Nimejitoa lini? Nimefika. Wa mwisho, kama kawaida."

Akatoa saa yake. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Yumo," akasema, na akageukia upande wa msitu kwa muda.

Nilirudi na namba yangu mgongoni. Kijijini tao lilikuwa limesimama na viti vimepangwa. Mwenyekiti Qamara, ndani ya suti ile ile, akaja dirishani.

"Fausti, mwenyewe yuko wapi?"

Nikazima gari. Nikashuka taratibu, kwa utulivu, nikamwonyesha mgongo.

"Leo, mwenyekiti, mwenyewe ni mimi."

Akaisoma namba. Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. Kisha akatazama barabara nyuma yangu, na nyuma yangu, pale kwenye kona, ikasikika kengele ya baiskeli na madumu yakigongana.

"Msogezeeni Fausti kiti," akawaambia vijana. "Cha pembeni."

Nikakaa pembeni, nikaletewa maziwa.